Mfalme Aliyetajwa Siku ya Posa

Baba yangu aliwajua wafalme wa Uingereza kama watu wengine wanavyowajua majirani zao, yaani kwa tabia zao mbaya. Alijua nani alikuwa mlafi, nani alikimbia vita, nani alidaiwa kuwaua wapwa zake ili akalie kiti, na nani alioa wake sita na wawili kati yao akawakata vichwa. Nje ya ikulu aliwajua wasaliti, maharamia waliopewa vyeo, na madaktari wapole waliowatilia wake zao sumu kwenye chai. Uingereza kwenyewe hakuwahi kufika. Mwisho wa safari zake ulikuwa Mombasa, na hata huko alirudi mapema akilalamikia joto.

Vitabu vyake alivipata kwa minada. Wazungu wazee wa upande wa Karen walikuwa wakihama au wakifa, na vitu vya nyumba zao viliuzwa uani: viti, sahani, vitanda, hata mbwa. Watu wa kwetu Kitengela walienda huko kutafuta makabati. Baba naye alienda kutafuta kabati, mama akiwa amempa vipimo, akarudi na maboksi matatu ya vitabu vya picha. Mama hakugomba. Alikuwa amemzoea, kama mtu aliyejenga karibu na kinu cha posho anavyozoea kelele.

Tulikuwa na duka la chakula cha mifugo kando ya barabara ya Namanga, wakati Kitengela ilikuwa upepo, vumbi na soko la ng'ombe. Mtu akija kununua pumba au chumvi ya mawe, baba alipima, akafunga gunia, kisha akaanza. Msomali aliyeuza mbuzi na nguo hapo jirani alikuwa akiacha duka lake wazi ili aje kubisha. "Mzee, huyo mfalme yako ni mjinga," alisema karibu kila siku. "Mtu iko na wake sita, shida yote iko wapi? Si angekaa nao wote?" Baba alicheka mpaka akashika mbavu, halafu akaendelea na shoka.

Shoka ndilo lililoniua mimi. Baba hakuruka kifo hata kimoja. Nilipokuwa shule ya bweni, alikuja siku ya wazazi na kuku na chapati, wasichana wenzangu wakajisogeza kwa sababu ya chapati. Baba akaona hadhira. Akawasimulia juu ya msichana wa rika lao aliyefanywa malkia kwa siku chache tu, kisha akapelekwa kuuawa, akafungwa kitambaa machoni, akawa anapapasa hewani akitafuta gogo la kulazia shingo na halioni. Baba alifumba macho yake, akapapasa juu ya meza ya chakula akiuliza, "Liko wapi? Liko wapi?" mpaka vidole vikatua kwenye sahani ya chapati. Wasichana wawili walilia. Waliobaki walicheka wiki nzima, wakaniita Malkia Gogo, na jina hilo liliniandama hadi nilipomaliza kidato cha nne.

Basi nilikua nikimwonea haya. Siyo haya ya kujificha nyuma ya mama wageni wakija. Nilikuwa nikimsikia anaanza tu, "Sasa, kulikuwa na mfalme mmoja," na shingo inapata moto. Nilikuwa nikiinuka kwenda kuosha vyombo visivyokuwa vichafu. Baba za wenzangu walikuwa walevi, wengine walikuwa wakipiga wake zao, na bado niliwaonea wivu wenzangu kwa sababu baba zao walikuwa wakinyamaza.

Sebuleni kwetu kulikuwa na picha ya mfalme mmoja juu ya farasi, upanga mkononi. Baba aliikata kwenye kitabu kilichokuwa kimeraruka, akampelekea fundi akaiwekea kioo. Huyo ndiye aliyekuwa kipenzi chake. Jina lake sitaliandika, na sababu nitaieleza sasa hivi.

Miaka ya tisini ikiwa inakaribia kwisha, niliajiriwa katika ofisi moja ya serikali mjini Kajiado, na huko nikampata kijana wa Kimaasai aliyekuwa akifanya kazi ya chanjo za mifugo. Alikuwa mtu wa maneno machache. Mnajua kwa nini nilimpenda. Kabla hajanipeleka kwao mara ya kwanza, alinisimamisha kando ya gari la kazi, akaandika jina moja kwa kidole kwenye vumbi la boneti. Akasubiri nilisome. Kisha akalifuta kwa mkono wa shati.

"Hiyo jina usiitaje kwetu," aliniambia. "Ni ya braza yangu mkubwa. Alikufa akiwa fom thrii. Kwetu mtu akienda, jina yake inaenda na yeye. Yeyo hajasikia mtu akiitaja tangu hiyo siku."

Yeyo ni mama. Baadaye nilikuja kuona kwamba hakunitilia chumvi. Mwenye kinu cha posho pale karibu na kwao alibatizwa jina lilo hilo, na nyumba nzima ya mume wangu, wakubwa kwa wadogo, walimwita "yule wa kinu." Hawakuwa wakijitahidi. Ulimi ulikuwa umeshazoea kulizunguka, kama miguu inavyozoea kuzunguka shimo uani.

Lakini siku ile, mbele ya boneti, jambo la kwanza nililofikiria ni kwamba hilo ndilo jina la mfalme wa sebuleni kwetu. La pili ni kwamba nilifurahi. Nilikuwa nimetafuta sababu ya kumnyamazisha baba tangu nikiwa mtoto, na sasa nilikuwa nayo, tena sababu ya heshima.

Posa ilipopangwa, nilimwendea baba dukani. Ningeweza kumwambia: baba, jina fulani usilitaje, kuna msiba ndani yake. Yalikuwa maneno ya pumzi moja. Sikuyasema, kwa kuwa nilimjua. Angemwacha mfalme huyo mmoja na kuwaleta wengine wote, na mashoka yao. Nilitaka anyamaze kabisa. Kwa hiyo nilimwambia, "Baba, hao wageni si watu wa dukani. Siku hiyo usianze mambo ya Waingereza."

Alikuwa akishona gunia. Aliacha sindano ndani ya katani, akaniangalia.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Sawa, mama," alisema. Aliniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Akaendelea kushona.

Wageni walifika Jumamosi, wakati wa kiangazi, kwa pikapu mbili. Walileta mablanketi, sukari, asali na kondoo jike mnene aliyemtia mama wasiwasi juu ya maua yake. Msemaji wao alikuwa baba mdogo wa mchumba wangu, mzee mchangamfu aliyejua Kiswahili. Mama mkwe alikuwa mrefu, shanga zake zikifika kifuani. Alinipa mkono, akakaa karibu na mlango. Kiswahili chake kilikuwa kidogo wakati ule, lakini kusikia alikuwa akisikia.

Tulikula. Tuliongea juu ya mvua, bei ya ng'ombe, kisha mvua tena. Watu wetu kutoka Kiambu hawakujua la kuwauliza Wamaasai, nao Wamaasai walikuwa wameshasifu kuku mara mbili. Kimya kikaingia, kile kimya cha watu wenye adabu wanaotafuta mahali pa kuweka macho. Msemaji aliyaweka ukutani.

"Na huyu wa farasi ni nani?"

Baba aliniangalia. Nilikuwa nimesimama na sinia la vikombe. Nikatikisa kichwa kidogo, na akaona.

"Huyo ni mzee mmoja tu wa zamani," alijibu.

"Mzee gani huyo anavaa shati ya chuma?" Watu wakacheka, hata mama mkwe. "Hapana, bwana, tuambie. Tumechoka kuongea mvua."

Baba aliniangalia mara ya pili. Mgeni ameomba, tena mgeni wa posa, na mwenye nyumba anamnyima? Alikuwa akiniomba ruhusa, mtu wa umri ule, sebuleni kwake. Nami nikajifanya ninatazama kama chai imebaki kwenye thamosi. Akachukulia kwamba nimekubali. Akalitaja jina.

Mchumba wangu aliinua kichwa. Msemaji akakohoa. Mimi nikasimama pale na vikombe, nikatamani ardhi ipasuke inimeze na sinia langu. Ningesema, "Baba, chai imeisha, njoo unisaidie," ingetosha. Mdomo haukufunguka. Hata leo sielewi ulikuwa umefungwa na nini, maana sikuwa nikiogopa. Nilikuwa nikiona haya tu, na haya yalikuwa mengi kiasi cha kunikausha.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba baba hakuwahi kusikilizwa hivyo. Dukani walikuwa wakimbishia, wakimcheka, wakiuliza bei ya pumba katikati ya vita. Hapa watu wote walikuwa kimya, hakuna aliyegusa kikombe. Akadhani wamevutiwa. Akasimulia vizuri kuliko nilivyowahi kumsikia. Alieleza jinsi mfalme alivyokwenda kupigana nchi ya mbali, jinsi alivyokamatwa njiani akirudi, amevaa kama msafiri wa kawaida, akafungwa ngomeni na mfalme mwenziwe aliyemchukia. Na kila baada ya sentensi mbili alilitaja jina lile. Alilitaja kwa mapenzi.

"Sasa, alikuwa na mama," baba akasema. "Mama mzee, mjane. Watu wote walikuwa wamekata tamaa. Ndugu yake mwenyewe alitaka asirudi. Yule mama akasema, mimi nitamtoa. Akaanza kuzunguka nchi nzima akikusanya fidia."

Mama mkwe aliinuka. Aliinua shuka yake begani, akatoka nje bila kumwangalia mtu, na wanawake wawili waliokuja naye wakamfuata. Kupitia dirishani nilimwona amesimama nyuma ya pikapu, mgongo ukitutazama. Baba alinyamaza, mkono bado uko hewani.

Msemaji alimweleza polepole, kwa adabu ambayo ilinitesa kuliko matusi. Alimwambia kwamba nyumba ile ilimpoteza kijana, na kwamba jina la marehemu halitajwi mbele ya mama yake. Hakumlaumu. "Wewe hukujua, mzee," alisema. "Mtu asiyejua hana kesi."

Baba aligeuka akaniangalia mara ya tatu, na safari hii hakuwa akiniuliza kitu. Kisha akawaelekea wageni, akavua kofia. "Kosa ni langu," aliwaambia. "Ningeuliza kwanza. Mniwie radhi, na mniombee kwa mama."

Posa haikuvunjika. Wageni waliondoka na sukari ya kurudishia, mambo mengine yakaachiwa kikao cha pili. Mama mkwe aliniaga kwa mkono uleule, macho mekundu, na mimi nikaamini kwamba amenichukia maisha.

Asubuhi yake baba alikuwa nje akiwapa ng'ombe maji. Nilimpelekea chai. Aliichukua, akainywa nusu, ndipo akauliza.

"Ulijua?"

"Nilijua."

Alitingisha kichwa, si kwa hasira. "Ungeniambia jina tu, mama," alisema, "ningechagua mfalme mwingine. Wako wengi."

Nilirudi jikoni nikalia, na mama akadhani ni wasiwasi wa harusi, akanichemshia uji.

Tangu siku hiyo baba aliacha. Hakutangaza. Picha ilitoka ukutani, ikabaki alama nyeupe ambayo mama aliifunika kwa kalenda. Vitabu viliingia kwenye magunia, magunia yakaingia stoo nyuma ya chakula cha kuku. Nilimsikia Msomali akimuuliza siku moja, "Mzee, wafalme wameisha?" na baba akajibu kwamba ndiyo, wameisha, akampimia mteja chumvi. Kwenye harusi yetu alipewa kipaza sauti. Alishukuru Mungu, akashukuru wageni, akakirudisha. Watu waliomjua walitazamana. Nilikuwa nimepata nilichokitaka maisha yangu yote, baba mnyamavu kama baba za wenzangu, na sikuweza kumtazama usoni.

Nilihamia Kajiado. Siku nilipoingia nyumbani kwao kama mke, mama mkwe alinipa kondoo jike, na kama ilivyo desturi yao, kuanzia hapo hatukuitana tena kwa jina wala kwa cheo. Yeye aliniita Paker nami nikamwita Paker, kwa sababu ya yule kondoo. Nilishukuru sana, kwa sababu neno hilo lilituwezesha kuongea bila kugusa chochote. Tuliongea juu ya maziwa, watoto walipokuja, na mguu wake uliokuwa ukimsumbua wakati wa baridi. Kiswahili chake kikakua, Kimaa changu kikadumaa. Juu ya siku ya posa hatukusema neno, na kila baba alipokuja kuwaona wajukuu, nilikuwa nikikaa kati yao kama askari.

Nayo miaka ikasonga. Nyumba za mawe zikaota Kitengela, duka la baba likazungukwa na maghorofa, Msomali akahamia Rongai. Mchana mmoja nilikuwa nimekaa na mama mkwe nje ya nyumba yake, akisafisha kibuyu cha maziwa kwa kijinga cha mti wa mzeituni, ule moshi wake mtamu ukinijaa puani. Alikuwa akisugua ndani ya kibuyu, akasema bila kuinua macho:

"Paker, yule mama ya mfalme. Alipata kijana yake?"

Nilidhani anaongea juu ya jirani. "Mama gani?"

"Ile baba yako alisema. Ile ilikuwa inazunguka ikitafuta pesa ya kumtoa. Mimi nilitoka mapema."

Moto wa zamani ukanipanda shingoni. Nilianza kuomba msamaha, nikisema baba hakujua, nikisema tulimuudhi. Alinikatiza kwa mkono wenye masizi.

"Nani aliudhika? Nilitoka kulia. Mtu halii ndani kwa posa ya mtoto, ni vibaya." Alipuliza kijinga kikawaka. "Ile siku nilisikia jina. Miaka mingi hakuna mtu anataja, na ni mimi nilipatia yeye hiyo jina kanisani. Halafu nikatoka, sasa sijui mwisho. Mimi hufikiria hiyo mama. Alimpata?"

"Sijui," nilisema.

Sasa aliinua macho. "Si ni baba yako?"

"Ni baba yangu."

"Na hujui?"

Sikujua. Nilikuwa nimeishi na mfalme huyo ukutani tangu utotoni, nikamsikia akianza safari yake mara zisizohesabika, na kila mara nilikuwa nimeinuka kwenda kuosha vyombo. Mwanamke aliyefiwa alikuwa amebeba swali hilo miaka yote, na mimi, mtoto wa mwenye hadithi, sikuwa na jibu. Sijawahi kuona haya namna hiyo, hata nikiwa na sinia mkononi.

Jumapili iliyofuata nilienda Kitengela. Baba alikuwa amezeeka, anakaa dukani kwa mazoea tu. Nilimwambia mama mkwe anauliza nini.

"Mambo hayo niliyaacha, mama," alisema. "Sitaki kukuaibisha tena."

Alisema vile kwa upole, kama mtu anayekuambia hali sukari siku hizi. Kumbe alikuwa ameelewa kila kitu. Alijua tangu zamani kwamba namwonea haya, na si siku ya posa tu. Alijua kuhusu vyombo.

Nilimwambia, "Baba, tafadhali."

"Alitoka wapi?" akauliza.

"Alitoka nje, nyuma ya pikapu."

"La, kwenye hadithi. Alifika wapi ndipo akatoka?"

"Mama mzee alikuwa ameanza kukusanya fidia."

Baba alitafuta kofia yake. Tulikwenda naye kwa pikapu yake ya dukani, tukapita Isinya, naye akiendesha polepole na midomo ikicheza. Alikuwa akijizoeza kulizunguka jina.

Mama mkwe alimpokea, akampa kigoda na maziwa. Hawakuwa watu wa kuzoeana. Baba alikunywa, akafuta mdomo, akamuuliza kama anaweza kuanza pale alipoachia. Akaanza. Mfalme sasa alikuwa "yule kijana" tu, kila mara, hakuteleza hata pale alipochangamka. Alieleza jinsi mama alivyochukua vikombe vya dhahabu vya makanisani. Jinsi alivyowaendea watawa waliokuwa maskini kabisa, wasio na dhahabu, akachukua manyoya ya kondoo wao ya mwaka mzima.

"Kondoo hawakuchinjwa?" mama mkwe akauliza.

"Hawakuchinjwa. Walinyolewa tu."

"Sawa," alisema, ameridhika.

Baba akaendelea. Wakati wa baridi kali, akiwa na umri wa kukaa karibu na moto na kulelewa na wajukuu, yule mama alipanda meli mwenyewe na fidia, akavuka bahari, akapita milima na mito, akafika mbele ya yule mfalme mbaya. Akasimama pale.

Mama mkwe alikuwa ameweka mikono yote miwili mapajani. "Alimpata?"

"Alimpata," baba akasema. "Alifunguliwa akapewa mama yake mikononi, mbele ya watu wote."

Mama mkwe alifunika uso kwa shuka. Tulisubiri. Alipoufunua alikuwa amelia, na alikuwa akitabasamu, akasema "Ashe, ashe," ambayo ni asante kwao, akainuka kumwongezea baba maziwa ambayo hakuyahitaji.

Njiani kurudi jua lilikuwa bado juu. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyetuliwa mzigo, na kwa mara ya kwanza maishani nikamuuliza baba swali juu ya wafalme wake.

"Na baadaye? Yule kijana alizeeka?"

"Hapana. Baadaye kidogo tu alipigwa mshale hapa," akajigusa begani, "jeraha likaoza. Mama yake akaitwa, akafika, na kijana akamfia mikononi."

Nilimgeukia. Huyu ndiye aliyekuwa akipapasa gogo mbele ya wasichana wa shule, ambaye hakuwahi kuwanyima watu shoka wala sumu.

"Mbona hukumalizia?"

Baba alishangaa, kama vile nimeuliza jambo ambalo mtoto angelijua.

"Aliniuliza kama alimpata," alisema. "Nikamjibu."